Mpira wa magongo Johannesburg: Nyota wa mapema ni nani, na nani hatujamwona bado?

JOHANNESBURG

Kila msimu wa mpira wa magongo unapoanza hapa Afrika Kusini, wakati baridi inapoanza kubisha hodi, sisi mashabiki wachache wa Malvern huwa na kazi moja tusiyoikosa. Tunaandika majina ya wachezaji wa timu yetu ambao, kwa maoni yetu, watang'ara hadi mwisho wa msimu. Tunawatazama katika mechi tatu za mwanzo, tunabishana, kisha tunaiandika orodha na kuihifadhi.

Kwa wasomaji wasioufahamu mji huu, Malvern ni mtaa ulioko mashariki ya katikati ya Johannesburg. Barabara ya Jules Street inaukata mtaa huo moja kwa moja ikitokea upande wa Jeppestown, na kwa upande wa kaskazini tunapakana na Kensington, yenye shule kongwe ambazo mpira wa magongo ni sehemu ya maisha yake. Malvern ya leo ni mtaa wa watu kutoka kila pembe ya Afrika. Ukitembea barabarani jioni utasikia Kizulu, Kishona, Kilingala na Kiswahili cha aina zote, cha Tanga, cha Nairobi na cha Bukavu.

Timu tunayoishabikia ni ya wasichana wa sekondari wa upande huu wa mji. Miongoni mwao wamo mabinti wa wazazi kutoka Tanzania, Kenya na Kongo. Majina yao na jina la shule yao hatutayataja, kwani hao ni watoto. Lakini mchezo wao tutaueleza, kwa sababu swali tunalojiuliza kila mwaka linawahusu pia mashabiki wa timu nyingine yoyote: ni kitu gani hasa kinachoweza kuonekana mapema katika msimu, na ni kitu gani kinachotudanganya macho?

Swali hilo si la kupigia soga tu. Katika mpira wa magongo wa shule nchini Afrika Kusini, mchujo wa timu za mkoa za umri wa chini ya miaka 14, 16 na 18 hufanyika mapema, kabla ya mashindano ya mikoa yanayofanyika katikati ya mwaka. Kwa watoto wa Johannesburg mkoa wenyewe kimichezo ni Southern Gauteng. Anayeonekana katika wiki za mwanzo hupelekwa kwenye mchujo. Anayepelekwa kwenye mchujo huonwa na makocha wa vyuo vikuu na wa timu za taifa za vijana. Asiyeonekana katika wiki hizo husubiri mwaka mzima, na kwa binti wa miaka 17 mwaka mzima ndiyo kila kitu.

Idadi ya magoli hudanganya

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kutokumchagua mtu kwa sababu ya magoli ya mechi za mwanzo. Katika mpira wa magongo goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mshambuliaji ndani ya duara la kufungia, lenye nusu kipenyo cha mita 14.63. Maana yake ni kwamba magoli mengi hufungwa na mtu aliyesimama karibu na lango, akamalizia kazi iliyofanywa na wengine watatu au wanne. Tangu sheria ya kuotea ilipoondolewa katika miaka ya 1990, mshambuliaji anaweza kusimama mbele ya kipa muda wote wa mchezo akingojea mpira. Akiwa na bahati, anaweza kufunga magoli matano katika wiki mbili bila ya kupiga hata chenga moja.

Matokeo ya timu nzima nayo hudanganya vivyo hivyo. Mfano mzuri ni timu ya taifa ya wanaume ya Afrika Kusini katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Timu hiyo ilipoteza mechi zake tatu za mwanzo, na katika moja ya hizo Ubelgiji iliifunga mabao 9-4. Mtu aliyeandika hukumu yake baada ya mechi ya tatu angesema hapo hakuna timu. Lakini katika mechi ya nne vijana hao waliifunga Ujerumani 4-3, Ujerumani ile ile iliyokuwa imetwaa medali ya shaba mjini Rio mwaka 2016. Ubelgiji, iliyowafunga tisa, ndiyo iliyoondoka na dhahabu ya Tokyo.

Ukizitazama upya mechi hizo tatu walizofungwa, unaona kwamba dalili zilikuwepo. Timu iliyopata mabao manne dhidi ya Ubelgiji ya mwaka ule haikuwa timu iliyokata tamaa. Ilikuwa inafika kwenye duara, ila ilikuwa haijaweza kulinda la kwake.

Kipa: mwenye kazi ngumu kuliko wote

Nafasi inayohukumiwa vibaya zaidi mapema katika msimu ni ya kipa. Lango la magongo lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, na mpira wenyewe ni mgumu, wenye uzito wa gramu 156 hadi 163. Kipa wa timu dhaifu anaweza kuokoa mipira kumi na miwili na bado akaonekana ndiye aliyeipotezea timu mechi.

Wasomaji wetu wa Tanzania wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba nchi yao iliwahi kucheza mpira wa magongo katika Olimpiki, mjini Moscow mwaka 1980, katika mashindano ya timu sita tu kwa sababu nchi nyingi ziligoma kwenda. India iliyotwaa dhahabu iliifunga Tanzania mabao 18-0. Matokeo hayo hutajwa hadi leo kwa kicheko. Lakini hayatuambii mikwaju mingapi iliokolewa, wala hayatuambii walinzi walikuwa wapi.

Kwa hiyo sisi tunapomtazama kipa, tunatazama mambo mawili tu. Kwanza, anapookoa, mpira anaupeleka wapi: pembeni, au miguuni mwa adui? Pili, anazungumza na walinzi wake? Kipa ndiye pekee anayeuona uwanja wote mbele yake, na kipa anayenyamaza ni sawa na mlinzi wa usiku aliyelala.

Mfano wa kuigwa upo hapa hapa nchini. Phumelela Mbande, mlinda mlango wa timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, ambaye pia amesomea na kufuzu uhasibu, alichaguliwa kubeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo pamoja na muogeleaji Chad le Clos. Si mara nyingi kipa wa magongo kupewa heshima kama hiyo. Mabinti wa timu yetu wanamfahamu, na yule anayekaa langoni anamfahamu kuliko wote.

Huyo ndiye jina la kwanza katika orodha yetu ya msimu huu. Katika mechi ya pili alifungwa mara nne, na kuna wazazi waliotikisa vichwa. Sisi tulihesabu mipira aliyoipangua ikaenda pembeni kabisa, na tukaandika jina lake.

Kona fupi haina ubishi

Kama kuna jambo moja linaloweza kuhukumiwa mapema bila ya ubishi mkubwa, basi ni kona fupi. Sababu ni kwamba kona fupi hurudiwa kwa namna ile ile, mara nne, tano au zaidi katika mechi moja. Mmoja anausukuma mpira kutoka mstari wa lango, mwingine anausimamisha nje ya duara, wa tatu anapiga. Walinzi wanne na kipa wao hutoka mbio langoni kuwakabili, na wenzao waliobaki hungoja katikati ya uwanja. Mpira ukipigwa kwa nguvu kama mkwaju wa kwanza, haufai kuvuka kimo cha sentimita 46 unapoingia langoni. Lakini ukikokotwa kwa gongo na kurushwa, unaruhusiwa kwenda juu, na hapo ndipo makipa wanapopata taabu.

Katika somo hili Afrika Kusini ilitoa mwalimu wa dunia nzima. Pietie Coetzee, mzaliwa wa Bloemfontein, alivunja rekodi ya mabao ya dunia kwa upande wa wanawake mwezi Juni 2011 mjini Dublin, katika sare ya 5-5 dhidi ya Marekani ambapo alifunga mabao manne peke yake. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Natalia Krasnikova wa Umoja wa Kisovyeti, na ilikuwa imedumu kwa miaka 20. Mabao mengi ya Coetzee yalitokana na kona fupi. Si kwamba alikuwa na bahati katika wiki fulani. Alikuwa na tendo moja alilolirudia maelfu ya mara mazoezini mpaka likawa mali yake.

Hata hivyo, tunawakumbusha wasomaji kwamba kona fupi ina watu watatu, na magazeti huandika jina la mmoja. Katika timu yetu, jina la pili kwenye orodha ni la binti anayeusimamisha mpira, wala si la anayepiga. Katika mechi tatu za mwanzo hakuuacha umponyoke hata mara moja. Mpigaji wetu amefunga mabao manne kwa kona, na yote manne yalianzia kwenye gongo la mwenzake aliyeinama.

Mkongwe wa Nairobi

Kwa nafasi ya beki hatuna haja ya kutafuta mfano mbali na nyumbani. Avtar Singh Sohal wa Nairobi aliichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia Roma mwaka 1960, kisha Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, na kwa miaka mingi alikuwa nahodha. Kenya yake ilimaliza ya sita mjini Tokyo. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mjini Barcelona mwaka 1971, ilifika nusu fainali, ikafungwa 1-0 na wenyeji Hispania, na ikakosa nafasi ya tatu kwa kufungwa na India 2-1 katika muda wa nyongeza.

Hizo hazikuwa enzi za Kenya peke yake. Mwaka 1972 Uganda nayo ilikwenda Munich na kutoka sare ya 1-1 na Ujerumani Magharibi, timu iliyotwaa dhahabu. Ni mwaka ule ule ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na mpira wa magongo wa nchi hiyo ukapoteza watu waliokuwa uti wa mgongo wake.

Tunalojifunza kwa mabeki wa aina ya Avtar Singh ni kwamba beki bora haonekani. Mpira unapofika, yeye yupo tayari pale unapofikia. Beki anayepigiwa makofi kila dakika kwa kujirusha chini kuzuia ni beki aliyechelewa kufika. Jina letu la tatu ni la beki wa kushoto ambaye mashabiki wa upande wa pili hata hawamjui, kwa sababu katika mechi tatu hakuna shambulio kubwa lililopitia kwake. Washambuliaji walikwenda kwake mara mbili tatu, kisha wakahamia upande mwingine.

Kiungo: tazama robo ya nne

Mechi za kimataifa za magongo siku hizi huchezwa kwa robo nne za dakika 15 kila moja, na wachezaji hubadilishwa bila ya kikomo. Hilo limebadilisha namna ya kumtazama kiungo. Robo ya kwanza kila mtu ana mbio. Sisi tunatazama robo ya nne, pale miguu inapokuwa mizito na pasi zinapoanza kwenda ovyo.

Marsha Marescia, mzaliwa wa Durban ambaye baadaye alijulikana pia kama Marsha Cox, aliichezea Afrika Kusini katika Olimpiki za 2004, 2008 na 2012, akawa nahodha wa timu hiyo. Katika nchi ambayo mpira wa magongo ulikuwa kwa miaka mingi ni mchezo wa shule za wazungu, unahodha wake ulikuwa na maana kubwa kuliko kuvaa kitambaa mkononi. Uwanjani alikuwa mchezaji wa kuungana na wenzake, akipokea mpira akiwa tayari anajua utakwenda wapi.

Jina letu la nne ni la kiungo wa namna hiyo. Ni mdogo wa umbo na hana kasi ya kutisha. Lakini katika robo ya nne ya mechi zote tatu, mpira ulipopotea, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi nyuma.

Nafasi ya tano inabaki wazi

Hapa ndipo tunapotofautiana na orodha nyingi za mwanzo wa msimu. Jina la tano hatuliandiki baada ya mechi ya tatu. Tunaliacha wazi hadi mechi ya sita, kwa sababu ambayo inatokana na maisha ya Malvern yenyewe.

Mpira wa magongo si mchezo wa bei rahisi. Kuna gongo, kinga za miguu, kinga ya meno na viatu vya nyasi bandia, bila ya kutaja vifaa vya kipa ambavyo familia nyingi za hapa haziwezi kuvinunua. Kuna nauli ya teksi za kwenda mazoezini na kurudi gizani. Msimu unapoanza, wapo mabinti ambao bado wazazi wao wanakusanya pesa, na wengine wamekuja shuleni wakiwa hawajawahi kushika gongo, kwani walikotoka walicheza mpira wa miguu au netiboli. Hao hawaonekani katika wiki ya kwanza. Huanza kuonekana wiki ya tano au ya sita, wakati majina ya mchujo yamekwisha kupelekwa.

Tatizo hilo linafika hadi juu kabisa. Mwaka 2015 timu za taifa za wanaume na wanawake za Afrika Kusini zilishinda mashindano ya Afrika ya kufuzu Olimpiki, yaliyofanyika Randburg, hapa hapa Johannesburg. Lakini hazikwenda Rio. Kamati ya Olimpiki ya nchi, SASCOC, ilikuwa na msimamo kwamba ubingwa wa Afrika peke yake hautoshi kumpeleka mtu Olimpiki. Nafasi ya wanaume ikachukuliwa na New Zealand, na ya wanawake ikachukuliwa na Hispania. Mwezi Disemba 2022 wanaume walitwaa Kombe la Mataifa la shirikisho la dunia, FIH, mjini Potchefstroom kwa kuifunga Ireland 4-3 katika fainali. Ushindi huo ulifungua mlango wa ligi kuu ya dunia ya FIH, lakini Afrika Kusini haikuingia, na Ireland iliyofungwa ndiyo iliyokwenda.

Kwa maneno mengine, mchezaji wa magongo wa nchi hii anaweza kufanya kila kitu kinachotakiwa uwanjani na bado akazuiwa na mambo ya mezani. Ndiyo maana anayeonekana na kusaidiwa mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kuvumilia.

Na akisaidiwa, matunda yapo. Mwaka 2023 FIH ilimtangaza Mustaphaa Cassiem, kijana kutoka Cape Town, kuwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka wa dunia kwa wanaume. Kaka yake, Dayaan, naye ni mchezaji wa timu ya taifa. Nyumba moja imetoa wachezaji wawili wa kimataifa. Hatudhani kwamba Cape Town ina nyumba za namna hiyo na Malvern haina.

Tunachowaomba wazazi na makocha

Ushauri wetu kwa wazazi wa hapa, na kwa wasomaji wenye watoto wanaocheza London, Toronto, Muscat au Nairobi, ni mfupi. Msiwapime watoto kwa magoli ya wiki za mwanzo. Ulizeni mtoto alipokea mpira mara ngapi bila ya kuupoteza, alirudi nyuma mara ngapi, na kama mwenzake alicheza vizuri zaidi kwa sababu yake. Hayo mtu anaweza kuyahesabu kwa kalamu na karatasi akiwa amekaa pembeni ya uwanja, na hayahitaji ujuzi wa kocha.

Kwa makocha, tunaomba wawe na karatasi ya pili. Ile ya kwanza ipelekwe kwenye mchujo kwa wakati wake, kama taratibu zinavyotaka. Ya pili iandikwe katikati ya msimu, yenye majina ya waliochelewa kuanza, na ihifadhiwe kwa mwaka unaofuata ili mtoto asianze tena kutoka sifuri.

Kwa sasa orodha yetu ina majina manne: kipa, msimamishaji wa kona fupi, beki wa kushoto na kiungo wa robo ya nne. Hakuna mfungaji bora hata mmoja ndani yake, jambo ambalo limezua ubishi mkubwa, na mpigaji wetu wa kona amekwisha kutuambia tusubiri tuone. Jina la tano tunaye mmoja tunayemtazama. Ni binti aliyejiunga na mazoezi wiki mbili zilizopita akiwa na gongo la kuazima lililo refu kuliko kimo chake kinavyohitaji. Bado hajaanza mechi hata moja. Mechi ya sita ni Jumamosi ya wiki ijayo, na tumeambiwa kwamba huenda siku hiyo akapangwa.